Kupasua kwapa kwa ajili ya darasa la anatomia: mwongozo kamili kwa mtayarishaji wa miili

Sehemu kubwa ya kazi ya mtayarishaji wa miili ya mafunzo ni kuondoa mafuta na utando bila kugusa vilivyolala ndani yake. Wembe hufanya kazi dakika za mwanzo tu, pale ngozi inapofunguliwa. Baada ya hapo zamu ni ya mkasi butu, kibano na vidole, na anayeendelea kung'ang'ania wembe ndiye anayekata neva.

Mwongozo huu unafuata eneo moja hadi mwisho, yaani kwapa na sehemu ya juu ya mkono. Tumelichagua kwa sababu mahali padogo kama ngumi panabana ateri kubwa, vena, mtandao mzima wa neva za mkono, tezi za limfu na mafuta mengi. Aliyeliweza kwapa atapasua paja au shingo bila kuhangaika sana.

Kabla mwili haujapokelewa

Mwili hauguswi mpaka hati zake zionekane: cheti cha kifo pamoja na ridhaa ya marehemu aliyoitia saini akiwa hai, au kibali cha mamlaka inayohusika kwa mujibu wa sheria ya nchi. Hati zikikamilika, mwili hupewa namba. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati cha chuma au cha plastiki ngumu, kimoja kifundoni mwa mkono na kingine kwenye kidole gumba cha mguu. Karatasi haifai, maana dawa huila wino ndani ya wiki chache. Jina la marehemu hubaki kwenye daftari la ofisi, halifiki kwenye chumba cha kupasulia.

Miili mingine hukataliwa. Kifua kikuu, homa ya ini aina ya B na C na virusi vya UKIMWI ni sababu za kawaida. Ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob hauna mjadala, kwa sababu prioni, yaani protini zilizoharibika zinazousababisha, haziuawi na formalini, dawa kuu ya kuhifadhi miili, bali formalini huzifanya zizidi kuwa sugu. Mwili uliofanyiwa uchunguzi wa maiti nao ni vigumu kuutia dawa, kwani mishipa mikubwa imekwisha kukatwa na dawa humwagika kifuani badala ya kufika miguuni. Mwili uliovimba maji au ulioanza kuoza haufai pia. Unaofaa ni ule uliowekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi na kutiwa dawa ndani ya siku moja au mbili. Usigandishwe kabla ya dawa, kwa sababu barafu hupasua seli na misuli hutoka laini kupita kiasi.

Kutia dawa

Michanganyiko iko mingi. Huu ni mmoja unaofanya kazi vizuri kwa lita 20: maji lita 7, ethanoli lita 8, gliserini lita 2, fenoli iliyoyeyushwa lita 1 na formalini lita 2. Changanya kwa mpangilio huo, formalini iingie mwisho, chumba kiwe na hewa inayovutwa nje na pasiwe na moto wala cheche karibu, kwani ethanoli hushika moto haraka. Formalini ya dukani huwa na formaldehaidi kiasi cha asilimia 37 hadi 40. Ukiikuta imeingia ukungu mweupe chini ya chombo, ilikaa kwenye baridi. Usiitumie hivyo, kwa sababu nguvu yake imepungua na chembe hizo huziba mishipa midogo.

Kila kimoja kina kazi yake. Formaldehaidi huzifunga protini pamoja na kuukaza mwili. Fenoli huzuia kuvu na bakteria. Gliserini hushikilia maji ili misuli isikauke, na ethanoli huisaidia dawa kupenya. Anayezidisha formalini akidhani anaongeza usalama hupata mwili mgumu kama ubao, viungo visivyokunjika na macho ya wanafunzi yanayotiririka machozi.

Dawa huingia kupitia ateri ya paja. Ipate katikati ya nundu ya mbele ya mfupa wa nyonga na kiungo cha kinena, kisha teremka kidogo na ukate ngozi kwa urefu wa sentimita 5 hadi 7. Vena iko upande wa ndani wa ateri, neva upande wa nje. Pitisha nyuzi mbili chini ya ateri, ikate upande mmoja tu bila kuzidi nusu ya mzingo wake, ingiza mrija ukielekea juu na uufunge kwa uzi. Ukimaliza sehemu ya juu ya mwili, geuza mrija uelekee mguuni.

Ndoo ya dawa ikitundikwa mita 2 juu ya meza, shinikizo lake ni takriban milimita 150 za zebaki, si mbali na lile la moyo wa mtu mzima unapopiga. Hilo linatosha. Pampu huharakisha kazi, lakini ikiachwa bila kuangaliwa hupasua mishipa midogo, uso ukavimba na mapafu yakajaa. Mwili wa kilo 70 huchukua lita 15 hadi 25 kwa muda wa saa kadhaa, na wengi huuacha usiku kucha. Dalili za kufanikiwa ni vena za mikono kutuna, ngozi kukaza, na ncha za vidole na masikio kuwa ngumu. Mguu au kiganja kikibaki laini, huenda damu iliyoganda imeziba njia. Chukua bomba la sindano na upenyeze dawa mahali hapo moja kwa moja, sehemu nyingi, kidogo kidogo.

Sasa jambo ambalo husahaulika mara nyingi kuliko yote. Mwili utakaza katika mkao ulioulaza siku hiyo. Mikono ikibanwa ubavuni, kwapa litafungika, na miezi baadaye utalazimika kuuvuta mkono kwa nguvu hadi misuli ichanike. Tenga kila mkono na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45, kiganja kikitazama juu, na uweke kitambaa kilichoviringishwa kwapani. Nyoa nywele za kwapa wakati huo huo, kwa sababu baadaye huingia kwenye mafuta na hazitoki. Inua kichwa kwenye kigogo ili damu isitue usoni.

Funga mwili kwenye shuka lililoloweshwa dawa, uingize kwenye mfuko wa plastiki, uuache miezi 3 hadi 6 mahali pa baridi. Kabla ya kuanza, kata kidogo msuli mnene wa paja. Rangi ya kijivu inayoelekea kahawia inaonyesha dawa imefika. Ukiona wekundu mbichi ndani, rudi kwenye sindano na usubiri tena.

Hewa, glavu na vyombo

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka formaldehaidi kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa milioni kwa dakika 15. Usiitegemee pua, kwani huzoea harufu ndani ya muda mfupi. Meza bora ni zile zinazovuta hewa kuelekea chini, mbali na uso. Feni ya dari hufanya kinyume chake, kwani huutawanya mvuke chumba kizima. Barakoa za kawaida za kitambaa au karatasi hazizuii mvuke. Inayofaa ni yenye kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya formaldehaidi.

Vaa glavu za nitrili, jozi mbili, na ubadilishe ya nje kila inapolowa ndani au kutoboka. Glavu za mpira wa kawaida hupitisha formalini upesi. Miwani ya kufunika pembeni ni lazima, maana mafuta ya kwapa hurusha matone kila mkasi unapofunguliwa. Fenoli ikigusa ngozi haiumi mara moja, huitia ganzi kwanza. Osha kwa maji mengi hata kama husikii maumivu. Usichanganye maji ya klorini na formalini wakati wa kusafisha meza.

Vyombo si vingi. Mpini namba 4 wenye wembe namba 22 kwa ngozi, na mpini namba 3 wenye wembe namba 15 kwa kazi ndogo. Vibano viwili, kimoja chenye meno kwa ajili ya ngozi, kingine butu kwa neva na mishipa. Mkasi wenye ncha butu wa sentimita 14 hadi 18, ambao ndio rafiki yako mkubwa. Kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo. Nyuzi za rangi tatu kwa kutia alama. Wembe huvishwa na kuvuliwa kwa kibano cha kubania mishipa, kamwe si kwa vidole. Majeraha mengi ya chumba hiki hutokea wakati wa kuvua wembe wenye mafuta.

Ngozi

Laza mwili chali na uusogeze mkono taratibu hadi karibu na nyuzi 90, ukiukanda msuli wa bega kila unapokaza. Chora mistari kwa kalamu kwanza. Mmoja uteremke katikati ya kidari, kutoka kwenye shimo la koo hadi ncha yake ya chini. Wa pili ufuate mtulinga hadi ncha ya bega, kisha uteremke kwa nje hadi katikati ya mkono wa juu na uuzunguke mkono. Wa tatu utoke ncha ya chini ya kidari kuelekea ubavuni.

Ngozi ya kifua ni nyembamba, milimita 2 hivi. Kata hadi mafuta ya njano yaonekane, usiende zaidi. Kwenye pembe ya ngozi iliyofunguka toboa tundu dogo la kupitisha kidole, utakuwa na mpini wa kuivutia. Vuta kwa nguvu, na ukali wa wembe uelekee ngozi, usielekee mwili. Karibu na mtulinga punguza mwendo, kwani msuli mwembamba wa shingo na neva za ngozi zinazovuka mtulinga viko ndani ya mafuta hayo hayo. Chini ya kwapa ngozi imeshikana zaidi na mafuta, na hapo wengi hutoboa. Usiitupe. Itatumika kama kifuniko cha kuzuia kukauka.

Misuli ya kifua

Safisha uso wa msuli mkubwa wa kifua kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Ukikata kwa kukingama, msuli hubaki na manyoya manyoya yasiyopendeza. Kwenye mfereji kati yake na deltoidi, msuli wa bega, kuna vena ya sefaliki. Itoe yote na uiache mahali pake, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha baadaye mahali vena ya kwapa ilipo.

Ingiza vidole viwili chini ya ukingo wa nje wa msuli, uutenganishe na ubavu. Kata kichwa cha msuli kinachotoka kwenye mtulinga, chini kidogo ya mfupa. Kata kichwa kinachotoka kwenye kidari sentimita 2 hadi 3 kutoka ukingo wa mfupa, ili kibaki kisiki cha kuonyesha mahali msuli unapoanzia. Sasa uinue msuli polepole kuelekea mkononi. Utaona neva na ateri ndogo zikiingia upande wake wa chini. Usizivute hadi zikatike. Kata kipande cha msuli chenye ukubwa wa ukucha kizunguke pale neva inapoingia, ukiache kikining'inia kwenye neva. Kipande hicho ndicho ushahidi kwamba neva hiyo ni ya msuli mkubwa wa kifua, na bila hicho utakuwa na uzi usiojulikana unakotoka.

Msuli mdogo wa kifua uko chini yake, kutoka ubavu wa 3 hadi wa 5 kwenda kwenye chomozo la korakoidi, ncha ya mfupa wa bega iliyo mbele. Ukate karibu na mbavu na uuinue juu. Neva yake huutoboa katikati, kwa hiyo uiruhusu iinuke pamoja nao.

Ndani ya kwapa

Hapa ndipo saa nyingi huisha. Fungua mkasi ukiwa ndani ya mafuta: uingize ukiwa umefungwa, ufungue taratibu, utoe bado ukiwa wazi. Elekeza ncha sambamba na mkono, kwa sababu neva na ateri kubwa zinakwenda upande huo. Mafuta yaliyolegea yaondoe kwa kibano, kipande kwa kipande. Kabla ya kukata chochote kinachofanana na uzi, kivingirishe kati ya vidole. Ateri ni mviringo, ukuta wake mnene na huhisi mwanya katikati. Vena imelala bapa, nyembamba, mara nyingi ikiwa na damu nyeusi iliyoganda. Neva ni ngumu ndani, nyeupe, na ukiitazama kwa karibu ina mistari ya urefu. Nyuzi za utando hukatika ukizivuta kidogo, neva haikatiki hivyo.

Uzi wa kwanza utakaokutana nao ukikingama kwapa, ukitoka kati ya ubavu wa 2 na wa 3, ni neva ya ngozi iendayo upande wa ndani wa mkono. Waanzaji huikata karibu kila mara, wakidhani ni utando.

Fungua ala ya kwapa kwa urefu. Vena iko mbele na upande wa ndani, na matawi yake huficha kila kitu. Ifunge kwa nyuzi mbili na uiondoe iliyo katikati, ukiacha kisiki pale vena ya sefaliki inapoingia. Kama mwili una pande zote mbili nzima, iache vena upande mmoja na kuiondoa upande wa pili. Wanafunzi watahitaji kuona hali zote mbili.

Usianze na mtandao wa neva kutoka juu, kwenye shingo. Anza chini, mahali ambapo jina la neva halina shaka. Tafuta neva inayotoboa msuli wa korakobrakiali, unaotoka kwenye korakoidi kwenda mfupa wa mkono. Hiyo ni neva ya muskulokutania. Ifuate ikipanda hadi kwenye shina la nje la mtandao. Kutoka shina hilo teremka kwenye tawi lingine, nalo ni mzizi wa nje wa neva ya mediani. Mzizi wa ndani unakuja kukutana nao mbele ya ateri. Panda nao hadi kwenye shina la ndani, kisha uteremke na neva ya alna. Ukimaliza utakuwa na herufi M iliyolala mbele ya ateri ya kwapa, na tangu hapo huwezi kupotea.

Kosa la kawaida ni kuiita neva ya ngozi ya kigasha neva ya alna, kwa kuwa zote zinatoka shina la ndani na kuteremka pamoja. Dawa yake ni kufuata hadi kwenye kiwiko. Alna hupita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, nyingine hubaki juu juu karibu na vena ya basiliki. Usifunge uzi wa alama kabla ya kuthibitisha hivyo.

Ateri ya kwapa hugawanywa na msuli mdogo wa kifua katika sehemu 3, na kwa kawaida ya kwanza hutoa tawi 1, ya pili 2, ya tatu 3. Kwa kawaida, lakini si kila mara. Matawi ya sehemu ya tatu hutoka pamoja kwenye shina moja mara nyingi. Usilazimishe. Neva ya muskulokutania nayo wakati mwingine haipo, na kazi yake hufanywa na mediani. Ukikuta hali ya namna hiyo, simama, piga picha yenye rula na namba ya mwili bila uso kuonekana, uandike daftarini. Mwili wa aina hiyo una thamani kubwa zaidi darasani.

Nyuma ya ateri

Vuta ateri na mashina mawili ya mbele, la nje na la ndani, upande mmoja kwa uzi mpana. Shina la nyuma litaonekana. Tawi lake nene kuliko yote ni neva ya radiali, inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono pamoja na ateri ya kina. Juu kidogo, neva ya kwapa hupotea nyuma ikiandamana na ateri inayouzunguka mfupa, ikipita kwenye dirisha lenye pande nne: msuli wa teresi ndogo juu, msuli wa teresi kubwa chini, kichwa kirefu cha trisepi, msuli wa nyuma ya mkono, upande wa ndani, na mfupa wa mkono upande wa nje. Ingiza kijiti dirishani kutoka mbele, umgeuze marehemu kwa msaada wa mtu wa pili, utafute ncha yake chini ya deltoidi. Kuchimba upande wa nyuma bila kijiti ni kubahatisha.

Malizia ukuta wa ndani. Neva ndefu ya kifua inateremka juu ya msuli wa serato uliofunika mbavu, wazi bila kifuniko cha kutosha, na huondoka na mafuta ukisafisha kwa pupa. Neva ya latisimasi, msuli mpana wa mgongo, iko nyuma yake, ikifuatana na mishipa yake.

Neva ikikatika, usizikate ncha zake ziwe nadhifu. Ziunganishe kwa uzi mwembamba mishono miwili, uandike kwamba ilikatika. Mwanafunzi anayedanganywa na ncha iliyofichwa hujifunza anatomia isiyokuwepo.

Kuhifadhi

Adui mkubwa ni kukauka. Neva ikishakuwa kahawia na kukunjamana hairudi tena, hata ukiiloweka wiki nzima. Nyunyizia kila baada ya dakika 20 hadi 30 ukiwa kazini, na ukiondoka funika kwa ngozi yake mwenyewe, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha plastiki. Kwa sehemu zilizokamilika, tangi lenye fenoksiethanoli, dawa nyingine ya kuhifadhi, asilimia 1 hupunguza sana harufu na halikazi misuli zaidi. Ukungu wa kuvu ukionekana, ondoa kipande hicho kwenye tangi la pamoja siku hiyo hiyo, uusafishe kwa pamba yenye ethanoli na fenoli kidogo, ubadilishe dawa yote. Kuosha ukungu kwa maji tu huueneza.

Kila mwili una ndoo yake yenye namba yake. Mafuta, ngozi, vipande vya vena, hata vinyweleo vilivyokwanguliwa, vyote huingia humo na havichanganywi na vya mwili mwingine, kwa sababu vitazikwa au kuchomwa pamoja na mwenyewe. Mkono ukitenganishwa na mwili ufungiwe kibati chake siku hiyo, kabla haujatoka mezani. Na kama mwili utachomwa, pitisha mkono chini ya mtulinga na utafute kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Betri yake hulipuka motoni, kwa hiyo hutolewa, hukatwa nyaya zake na kuandikwa daftarini pamoja na namba ya mwili.